Fisi, Sungura na Kibati Kinachozunguka

Mwaka ule jua lilikaa angani kama mgeni asiyejua kuaga. Majani yalikauka, visima vikakauka, hata umande wa asubuhi ukaona haya kuja. Katika mbuga nzima likabaki bwawa moja tu, nalo lilikuwa limepungua mpaka viboko wakawa wanalala ubavu mmoja, kisha wanageuka, ili wapate kulowana pande zote mbili.

Nyasi hazikuwapo, na swala walikuwa wamekwisha hama. Lakini ndani ya bwawa walikuwamo samaki. Basi kila mnyama akajifunza kuvua, hata Sungura, ambaye tangu kuzaliwa alikuwa mla majani.

Siku moja Simba, mfalme, alipanda juu ya kichuguu. Kwanza alizitikisa nywele za shingo yake ili wote wazione. Alipohakikisha kwamba wameziona, akanguruma:

"Bwawa hili ni langu, kwa sababu sura yangu inaonekana vizuri ndani yake. Kesho, kabla jua halijatua, kila mmoja aniletee samaki. Asiyeleta ahame, na asirudi hapa mpaka mvua inyeshe!"

Fisi aliposikia hayo, tumbo lake lilinguruma kuliko mfalme. Huko nje ya bwawa hapakuwa na kitu ila mawe na mijusi. Mijusi walikuwa na mbio sana. Mawe Fisi alikwisha yaonja, na hayakumpendeza.

"Nikifukuzwa hapa nimekwisha," aliwaza, akakimbia kwa Kunguru kutafuta chambo.

Kunguru ndiye aliyekuwa fundi. Kwa kuwa macho yake hupenda vitu vinavyong'aa, alikuwa ameokota vipande vya bati kila mahali, akavitoboa na kuvitia ndoana. Alivitandaza juu ya gome la mti, na malipo yake yalikuwa vichwa vya samaki tu.

"Karibu, Bwana Fisi," alisema. "Maji yamekuwa haba siku hizi. Chukua hiki chepesi."

Akamwonyesha kibati kidogo, chepesi kama ganda la karanga, chenye unyoya mwekundu nyuma yake.

"Ukikivuta polepole kinazunguka," alieleza Kunguru. "Kikizunguka kinametameta, na samaki anadhani ni dagaa anakimbia. Hakizami, kwa hiyo hakigusi tope."

"Samaki wa hicho ana ukubwa gani?" Fisi aliuliza.

"Wa kukutosha."

"Hakuna samaki wa kunitosha mimi! Na lile je?" Fisi alinyooshea kidole bati kubwa la shaba, pana kama kifuniko cha chungu.

"Lile ni la maji yenye kina kirefu, bwana. Hapa litazama na kulala."

"Chambo kikubwa, samaki mkubwa. Nipe lile."

"Bwana Fisi, mambo hayaendi hiv—"

"Kunguru, wewe una mdomo mrefu na tumbo dogo. Mambo ya tumbo niachie mimi."

Akalitwaa bati lake akaenda. Kile kibati chepesi kikachukuliwa na Sungura, aliyefika na wanawe wakining'inia masikioni mwake.

Kesho yake asubuhi, Fisi alisimama ukingoni, akazungusha mshipi, akatupa. Chubwi! Maji yaliruka kana kwamba mti umeanguka. Samaki wote wakakimbilia ng'ambo. Fisi alivuta, akatoa tope. Akatupa tena. Chubwi! Tope jingine, zito kuliko la kwanza.

Chura mmoja alichungulia, akafuta uso wake. "Shikamoo, mzee. Kwani unavua au unalima?"

"Marahaba. Nyamaza!" alifoka Fisi.

Upande wa pili Sungura alitupa kibati chake kwa ufito mwembamba. Kilianguka kimya, kama jani. Akavuta polepole, kibati kikazunguka majini, kikametameta, na papo hapo perege mnono akakidaka. Wanawe hawakungoja hata apate moto.

"Baba, mwingine!" walilia, midomo imejaa.

Ikawa akimtoa mmoja, wanammaliza. Jua likapita utosini, na Sungura alikuwa bado hajamwekea mfalme samaki wake.

Fisi alitazama, mate yakamdondoka mpaka miguuni. Ndipo akakumbuka jambo moja, akacheka peke yake.

Ukoo wa Fisi na ukoo wa Sungura walikuwa watani tangu enzi za mababu. Mtani akikupokonya kofia, unacheka. Mtani akikunyang'anya tonge mkononi, unacheka zaidi, kwa maana ukikasirika umeivunja heshima ya koo mbili. Lakini utani una mpaka wake. Ni wa kofia na tonge. Haukuwekwa ili mtu achukue riziki ya mwenzake siku ya shida. Fisi alilijua hilo vizuri sana. Ila tumbo lilimwambia, "Nani atakumbuka?" na Fisi aliliamini tumbo lake kuliko kiumbe yeyote.

Akazunguka bwawa mbio. "Mtani wangu!" alipaza sauti. "Mwenye masikio kama majani ya mgomba! Nimekuja kukutania!"

Kabla Sungura hajajibu, ufito, mshipi na kibati vilikuwa mkononi mwa Fisi.

"Mtani, hicho ndicho kinachowalisha hawa," Sungura alisema, masikio yakimlegea. "Na samaki wa mfalme bado sijampata."

"Unakasirika? Mtani hakasiriki! Sikilizeni jamani, Sungura ameshindwa utani!"

Sungura aliwatazama wanawe. Aliutazama mfuko wa Fisi uliotuna mabegani mwake. Kisha akayasimamisha masikio yake, akacheka kicheko kirefu.

"Nani amekasirika? Haya, umechukua. Na mimi basi nikutanie kidogo. Jitu zima kama wewe, kushika kakibati kadogo hivyo! Wakikuona watasema Fisi amefunga saumu."

"Saumu?" Fisi alishtuka kama aliyetukanwa. "Mimi?"

"Ndivyo watakavyosema."

"Basi nitaongeza vitu! Niongeze nini?"

"Mimi mla majani nitajuaje? Bingwa wa chakula ni wewe. Samaki anapenda nini?"

"Anapenda ninachopenda mimi," alijibu Fisi bila kufikiri, akafungua mfuko.

Alitoa mfupa wa goti la nyati, akaufunga. Akatoa kipande cha ngozi, akakifunga. Akaongeza ndoana, akaongeza nyingine, akaongeza na zile za bati lake la shaba. Kisha akafunga njuga alizoziokota zizini, ili samaki wasikie kwamba wanaitwa. Bado alikuwa na ubavu mmoja wa mbuzi, lakini nafasi ilikuwa imekwisha.

"Pole, mtani," alisema Sungura. "Naona hiki kibati ndicho kinachoubania ubavu."

"Kitoe!"

"Nikipeleke wapi?"

"Kitupe, kimeze, kifanye kipuli! Mimi nina haraka."

Sungura akakitoa taratibu. Akaenda zake nyuma ya matete, akakifunga kwenye mshipi mwingine.

Wakati huo Simba alikuwa amejiinamia ukingoni, anajitazama majini na kuchana nywele kwa kijiti cha miiba. Alikuwa amefika sikio la kushoto, na alikuwa amependezwa sana na kazi hiyo.

Fisi aliufunga ubavu mahali pa kibati, akashika ufito kwa mikono yote miwili. Mzigo wake ulikuwa mzito hata akalazimika kuuzungusha mwili mzima ndipo uinuke. Akazunguka, akazunguka, akapata kizunguzungu, akauachia. Ukaruka hewani ukilia njuga, lakini haukuelekea majini. Ulitua kichwani mwa mfalme, na ndoana zote zikanasa.

"Nimempata!" Fisi alipiga kelele, amefumba macho kwa nguvu alizokuwa anavutia. "Mama yangu, huyu ni mzito! Kichwa nitakula mimi! Mkia nitakula mimi! Tumbo nitakula mimi! Mfalme nitampelekea miba!"

Akavuta. Simba alianguka majini chali, akaburutwa kwenye tope, akaibuka upande wa pili na mfupa wa goti ukiwa umelala juu ya pua yake.

"Fisi," alisema Simba.

"Ajabu! Samaki anaongea!" alisema Fisi, macho bado yamefumbwa. "Na jina langu analijua!"

Kisha akafumbua macho.

Simba alijitazama majini, akaona tope, ngozi, na ubavu wa mbuzi ukining'inia sikioni.

"Nani ataniambia," aliuliza kwa sauti ndogo, "nafanana na nini?"

Wote wakatazama chini, isipokuwa Chura. "Kambare, mtukufu. Kwa ajili ya masharubu."

"Ni utani tu!" Fisi alilia. "Mtani hakasiriki, mfalme wangu!"

"Mimi na wewe hatuna utani," alisema Simba. "Samaki wangu yuko wapi?"

Fisi alitazama mikono yake. Ilikuwa na mshipi tu. Na Sungura akatokea kwenye matete, wanawe nyuma yake, akaweka perege mnono miguuni pa mfalme.

"Huyo ni wangu!" Fisi akaropoka. "Amemvua kwa kibati changu!"

"Umekipata wapi?" aliuliza Simba.

"Nilimpokonya yeye. Kwa utani."

"Leo, siku ya njaa? Ukimwona ana watoto?"

Wanyama wakaguna. Fisi akakiri: "Ndiyo, mtukufu."

"Kisha?"

"Kisha..." Fisi aliinamisha kichwa. "Kisha nikamwambia akitupe."

Hapo kicheko kikalipuka, viboko wakapaliwa na maji, na Kunguru akaanguka kutoka tawini. Simba peke yake hakucheka, maana akitikisika ndoana zilimchoma.

"Hama," alisema.

Fisi akashika njia ya mawe na mijusi, tumbo likimlaumu kila hatua. Nyuma yake Sungura alikuwa anawachomea wanawe perege, na harufu ilimfuata Fisi mpaka ng'ambo ya kilima.

Mtaka yote hukosa yote.