Kamba Mbili za Lokhimi

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo ameitika huku anatafuna? Meza kwanza, mwanangu. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo kale, ng'ombe walipokuwa wakisema na watu wakiwasikiliza, huko Bara Hindi, kando ya mto mpana uitwao Luhit, palikuwa na mjane kijana jina lake Lokhimi. Alikuwa na shamba la mpunga, nyumba ya matete, na maksai mmoja mweupe aitwaye Dhola. Maksai mmoja, jamani! Na plau ya kule huvutwa na wawili.

Basi kila mvua za kwanza zilipokaribia, Lokhimi alikwenda kwa Bwana Bogaram, tajiri wa kijiji, kumwazima maksai wake mwekundu, Ronga. Bogaram hakuwa mtu wa kuazimisha hivi hivi. Alitaka nusu ya mpunga. Lokhimi akalima, akapanda, akavuna, na nusu ikaenda zake kwa Bogaram.

Watu wa kule huanza mwaka wao miti inapochipua, kwa sikukuu iitwayo Bihu. Ngoma zinalia, wasichana wanacheza, lakini kabla ya hayo yote kuna siku ya ng'ombe. Ng'ombe hupelekwa mtoni, wakaogeshwa, wakapakwa manjano. Kamba kuukuu hutupwa. Kisha huachiwa watembee wapendako mchana kutwa, na jioni wakirudi hufungwa kamba mpya. Na kijiji hiki kilikuwa na sheria yake: ng'ombe atakayeingia ua wa mtu jioni ile na kukubali kamba yake, ni wa mtu huyo. Hakuna kesi, hakuna kulia.

Sasa sikilizeni. Mwaka ule Lokhimi alisuka kamba mpya mbili.

Jirani yake Jonali akamkuta nazo mapajani. "Shoga, una maksai mmoja. Kamba ya pili ya nini? Unajifunga mwenyewe?"

"Ya mwenzake Dhola," Lokhimi akasema.

"Mwenzake yupi?"

"Atakayekuja."

Jonali akacheka mpaka akashika mbavu. Habari ikafika kisimani, kisima kikacheka. Ikafika kwa Bogaram, naye akacheka, ila yeye alicheka kidogo tu, kisha akaenda kuiona hiyo kamba kwa macho yake.

"Binti," akasema, "angalia hata hiyo ya kwanza isikose shingo. Leo uani kwangu nimeweka chumvi, nimeweka sukari guru, nimeweka majani mabichi. Dhola akiingia na kukubali kamba yangu, usije kunililia. Sheria ni sheria."

"Sheria ni sheria, Bwana Bogaram," Lokhimi akaitika.

Alijua vizuri alichokuwa akicheza nacho. Dhola akipotea, shamba halilimwi, na yeye hali. Lakini alimpeleka mtoni kama wenzake. Akamsugua mgongo, akamsugua miguu, akamsugua nyuma ya masikio, mahali ambapo Dhola alipenda. Palipochubuliwa na nira hakupasugua. Alipaosha polepole kwa kiganja, akapapaka manjano. Kisha akaifungua kamba kuukuu, akaitupa mtoni, akaimba:

*Nenda, Dhola, nenda mzima,*
*mlango wazi, moto unawaka.*

Dhola akatikisa kengele yake, akaenda. Hakugeuka nyuma hata kidogo, na hilo lilimuuma Lokhimi.

Akarudi nyumbani, akaketi mlangoni. Jonali akaja mbio.

"Lokhimi! Dhola amevuka malisho ya mtoni! Mfuate!"

"Mwache. Siku ni yake."

Akaja tena. "Lokhimi! Dhola yumo kwenye mashamba ya haradali, anakwenda upande wa kwa Bogaram! Mfuate!"

"Mwache. Siku ni yake."

Akaja tena, safari hii hana hata pumzi ya kucheka. "Shoga yangu, Dhola ameingia uani kwa Bogaram! Analamba chumvi! Inuka basi!"

Lokhimi akainuka nusu. Kisha akaketi. "Nikimfuata nitakuwa nimemfunga kwa macho. Siku ni yake, Jonali. Nipe kuni, niwashe moto wa moshi, mbu wasimsumbue akirudi."

Jua likashuka. Ng'ombe wa jirani wakarudi, mmoja mmoja, wakafungwa kamba mpya. Moto wa Lokhimi ukafuka moshi peke yake. Aliogopa, msidhani hakuogopa. Akaimba kwa sauti ndogo:

*Nenda, Dhola, nenda mzima,*
*mlango wazi, moto unawaka.*

Ndipo akasikia kengele, kisha kwato. Kwato nyingi mno kwa maksai mmoja.

Dhola akaingia uani, tumbo limemtutumka, midomo inanata sukari guru. Nyuma yake akaingia Ronga, akiburuta kipande cha kamba mguuni.

"Umechelewa," Lokhimi akasema, na machozi yakamtoka.

"Mama, chakula kilikuwa kizuri," Dhola akasema. "Nilikula chumvi, nikala sukari guru, nikala majani. Nilikuwa karibu kulala palepale. Kisha nikamwona Ronga amesimama karibu na chumvi, na haifikii. Nikamuuliza, mbona huli? Akasema, nimefungwa mguu, kamba iko chini ya nyasi. Nikamuuliza, leo? Akasema, leo. Basi nikaitafuna ile kamba. Baada ya sukari guru nyingi, kitu kikavu kinafaa."

Kabla hajamaliza, Bogaram akafika anahema, na nusu ya kijiji nyuma yake. "Mwizi wewe! Nirudishie Ronga!"

"Mchukue, Bwana Bogaram," Lokhimi akasema. "Hajafungwa. Mwite."

"Ronga!" Ronga akatafuna.

"Ronga, njoo!" Ronga akatafuna.

"Ronga, njoo, chumvi ipo!" Ronga akageuza kichwa, akamtazama, akatafuna.

Lokhimi akaingia ndani, akatoka na kamba mbili. Ya kwanza akamfunga Dhola. Ya pili akaishika mkononi tu, akasimama. Ronga akasogea, akainamisha shingo.

Jonali akapaza sauti: "Bwana Bogaram, sheria ni sheria!"

Mvua ziliponyesha, Lokhimi alilima kwa maksai wake wawili, na mpunga wote ukaingia ghalani kwake.

Funzo lake, wanangu: ukitaka kujua kipi ni chako kweli, kifungue, uwashe moto, ungoje. Bogaram alikuwa na ua mzima wa vitu vitamu, lakini aliogopa siku moja tu ya mlango wazi.

Nami nilipita pale kesho ya siku ile ya ng'ombe, nikalamba sukari guru iliyobaki uani kwa Bogaram. Ndiyo maana meno yangu mnayaona yalivyo. Kamba yangu ya maneno imeishia hapa. Mwenye ndefu zaidi aanze kusuka.