Bakuli la Tunu

Niwaletee hadithi, nisiwaletee?

Ilete, tumeketi!

Basi ketini kweli. Wewe uliye mlangoni, ingia au toka.

Hapo kale, tembo na nyati walipigania bwawa. Wanyama wadogo hawakuulizwa, walichukuliwa tu. Tunu naye, mwana wa Bi Ngiri, akachukuliwa awabebee wapiganaji maji. Vita vikahamia ng'ambo ya mlima, Tunu asirudi. Hakuna aliyeona maiti yake, wala aliyemwona yu hai.

Kila jioni Bi Ngiri alipika uji wa mtama, akajaza bakuli la Tunu, akalifunika kwa kawa. Majirani nao wakaanza kuja kumpa pole.

Akaja Kasuku. "Pole, shoga. Nasikia ameonekana bwawani."

"Nani kamwona?"

"Wanasema tu. Wengine wanasema si yeye."

Akanywa uji wa wageni, akaenda zake. Bi Ngiri akabaki akichungulia njia ya bwawani.

Akaja Nyani. "Pole, dada. Lakini shukuru, unao wengine wawili."

"Nilizaa watatu."

"Ndiyo hivyo, wawili wamebaki."

Hebu msikieni huyo. Akanywa uji, akaenda zake.

Akaja Fisi, mkeka kwapani, analia tangu njiani ili asikike. "Makiwa, Bi Ngiri."

Makiwa, jamani. Neno la kuambiwa mfiwa, naye mfiwa hujibu, "Tunayo." Bi Ngiri akanyamaza.

"Makiwa," akarudia Fisi.

Bi Ngiri akaiweka kawa sawa juu ya bakuli.

"Makiwa. Jibu basi tukae matanga, watu wapate kula, yaishe."

"Sijafiwa," akasema Bi Ngiri. "Mwanangu hajulikani alipo. Nikikujibu, nimemzika kwa mdomo wangu."

"Unajisumbua." Fisi akatandika mkeka, akafunua kawa, akanywa uji wa Tunu mpaka akalamba bakuli. "Huu ulikuwa unapoa bure."

Bi Ngiri akashika mwiko. Akampiga wa kichwa, akampiga wa mgongo, wa tatu ukampata kiunoni akiruka ua. Ndiyo maana mpaka leo Fisi anatembea kiuno kimeshuka.

Kisha Bi Ngiri akakaa chini akalia, kwa sababu jua lilikuwa linazama na bakuli la mwanawe lilikuwa tupu.

Akaja Nungu. Nungu hawezi kumkumbatia mtu, ana miiba. Akakaa mbali kidogo. Hakusema makiwa, hakusema shukuru.

"Tunu anapenda uji mzito au mwepesi?"

"Mzito," akasema Bi Ngiri. "Na ndimu."

Nungu akachochea moto, akapika uji mzito, akaukamulia ndimu, akalijaza bakuli la Tunu, akalifunika. "Kesho nitakwenda bwawani kumuulizia. Nikikosa, nitarudi nikwambie nimekosa."

Sasa mtaniuliza, Tunu alirudi? Kila nikisimulia mnaniuliza hilo hilo. Sijui. Bi Ngiri naye hakujua, na hilo ndilo lililokuwa linamla. Nungu alikwenda, akakosa, akarudi akasema nimekosa. Halafu wakapika uji wa Tunu pamoja.

Basi mkienda kwa mzazi aliyepotelewa na mwana vitani, msimzike mtoto wa watu ili nyinyi mpumue. Muulizeni habari za mwanawe, kisha shikeni kazi. Na bakuli lililofunikwa, liacheni lilivyo.

Nimeitua hapa. Anayeitaka aibebe, asiyeitaka asiikanyage.