Sinia la Kwanza la Bi Mwantumu

Kama kuna anayekula hapa, amalize kwanza au asogeze sahani. Hadithi hii kila nikiisimulia wali hunishinda siku nzima. Lakini nitaisimulia, maana kuna watu watatu nataka mnisaidie kuwaamulia.

Tanga alikuwepo Semkiwa, mtu wa maabara. Kipaji chake kilikuwa kuunga vipande vidogo vya protini, kimoja baada ya kingine, mpaka ikapatikana dawa waliyoiita peptaidi. Dawa hiyo ilikuwa ikichunguzwa kama inaweza kuurudisha uzee nyuma. Ilikuwa imejaribiwa kwa panya tu, na kila kichupa alikibandika karatasi: si kwa binadamu.

Alikuwepo Mwanamvua wa saluni. Kipaji chake kilikuwa mdomo. Alikushika kidevu, akakutazama kwa huruma, nawe ukatoka pale unajiona mzee kuliko ulivyoingia.

Na alikuwepo nesi Restituta, mwenye mkono mwepesi. Watoto walichomwa sindano naye wasiamke usingizini.

Sasa Bi Mwantumu. Kwa miaka thelathini hakuna harusi mtaani kwao iliyopikiwa pilau bila yeye kushika mwiko. Halafu vidole vikaanza kukakamaa, ngozi ya mikono ikajikunja kama karatasi ya kaki, na mabinti wakawa wanamwambia, "Bibi, wewe kaa mkekani usalimiwe." Akakaa, akasalimiwa, akalia. Bila mwiko alijiona ameshazikwa.

Mwanamvua alimwona akilia, akaenda kwa Semkiwa kuomba vichupa. Semkiwa alijua fika vinakokwenda. "Mimi natoa vya utafiti tu," alisema, huku anamkabidhi. Njiani Mwanamvua akabandua karatasi zote. Restituta akavipokea vikiwa havina maandishi.

"Hivi ni vitamini?" aliuliza.

"Vitamini, dada."

Hakuuliza mara ya pili. Akamchoma Bi Mwantumu mikono yote miwili, kila Jumatatu, wiki sita.

Na mikono ikarudi, siwafichi. Ngozi ikanyooka, vidole vikakunjuka, akapewa harusi ya mjukuu wa jirani, sufuria nne. Sasa kwao mpishi mkuu hupakua sinia la kwanza kwa mkono wake, akampa yule anayemheshimu kuliko wote waliohudhuria. Bi Mwantumu akatangaza, "Aliyenirudishia mikono ndiye atakayekula sinia la kwanza."

Wakaja wote watatu, wamevaa wakapendeza.

"Bila dawa yangu mngemchoma maji," alisema Semkiwa.

"Bila mimi dawa yako ingeishia kwa panya," alisema Mwanamvua.

"Na bila mkono wangu ingebaki kwenye kichupa," alisema Restituta.

Bi Mwantumu aliwaacha wabishane, akapakua. Kulikuwa na jambo hakumwambia mtu. Siku nne mkono wa kulia ulikuwa unamfukuta, na uvimbe nyuma ya kiganja ameuficha kwa hina nzito, kwa kuogopa kurudishwa mkekani. Alipoliinua sinia, uvimbe ukapasuka. Usaha ukachuruzika katikati ya wali, juu ya nyama ya mbuzi, na harufu yake naomba mnisamehe nisiielezee.

Sufuria zilikuwa zimefunikwa, wageni walisalimika. Lakini hapo ndipo wale watatu waliponichefua kuliko usaha wenyewe. Mama wa watu bado kalishika sinia peke yake, na hakuna hata mmoja aliyemshika mkono.

Semkiwa alirudi nyuma. "Niliandika si kwa binadamu. Karatasi nani aliibandua?"

"Mimi dawa siijui," alisema Mwanamvua. "Nilimpa nesi, yeye ndiye aliyesomea."

"Niliambiwa vitamini," alisema Restituta, leso puani. "Na dawa si yangu."

Bi Mwantumu alijifunga mkono kwa ncha ya khanga yake. Baadaye hospitali walimkata vidole viwili, na mwiko hajaushika tena. Ila siku ile, kabla hajapelekwa, aliliweka sinia mkekani mbele yao.

"Sasa hivi tu kila mmoja alisema ni lake," aliwaambia. "Ahadi yangu siivunji. Mwenyewe akae ale."

Mwanamvua akatapika. Wengine wawili wakatazamana.

Kuna bwana mmoja aliniambia Bi Mwantumu naye ana fungu lake, kwa kuwa aliuficha uvimbe. Nilimjibu vibaya, kisha nikarudi nyumbani nikiwa sina raha.

Basi semeni ninyi. Sinia liko mkekani, nzi wameshaanza kutua. Mwenye dawa, mwenye mdomo, mwenye sindano. Je, wewe ungelisogeza mbele ya nani?