Swali la Fundi wa Boti

Wapendwa, fungeni vitabu kidogo, mnisikilize.

Kulikuwa na ndugu wawili wa tumbo moja, kando ya ziwa, mahali pasipofika barabara. Baba yao aliwaachia boti ya mbao yenye injini ya dizeli ndani yake. Wakagombana. Kwa nini? Sijui, na nadhani wao wenyewe walishasahau nusu yake. Kaka mtu akamnyang'anya mdogo wake funguo, boti ikafungwa kwenye nguzo miaka miwili. Aliona heri ioze kuliko mwenzake aipande. Mnacheka? Chekeni tu, mnawajua watu hao.

Ikafika siku binti wa yule mkubwa ni mjamzito, na muuguzi akasema, "Mtoto amekaa vibaya. Atazaliwa kwa upasuaji, hospitali ya ng'ambo. Mna wiki mbili, na msithubutu kumpandisha mtumbwi."

Yule mzee, baba yake, akakimbilia boti. Injini haizunguki. Akaingiza bomba refu la chuma kwenye puli, lile gurudumu la mbele ya injini, akaning'inia nalo kwa uzito wake wote. Wapi! Akaita fundi.

Fundi alikuja na sanduku la spana, lakini hakulifungua. Alichuchumaa akauliza, "Mzee, nani aliizima mara ya mwisho?"

"Mdogo wangu. Lakini huyo muache. Wewe fungua."

"Je, ilichemka ikajizima, au aliizima ikiwa nzima? Kama ilichemka, pistoni zimeyeyuka, niagize nyingine mjini leo hii. Kama ni kutu, naloweka kwa mafuta, nasubiri. Njia ni mbili, na siku zako zinatosha njia moja. Kamuulize."

"Fundi, nimekuita utengeneze injini, sikukuita utengeneze familia yangu."

"Sawa, Mzee. Lakini mwenye jibu ni yeye."

Kutoka pale hadi kwa mdogo wake ni hatua mia mbili, na kwa miaka miwili hakuwahi kuzitembea. Siku hiyo alizitembea. Alipobisha hodi, shemeji yake alikuwa akipepeta mchele, mikono ikasimama hewani. Mdogo mtu akatoka. Halafu, jamani, akasema, "Shikamoo, kaka."

Unajua ni miaka miwili hajaisikia salamu hiyo? Akaitikia, "Marahaba."

Akaeleza shida yake, akauliza. Mdogo wake akatazama chini. "Injini ilikuwa nzima, kaka. Haikuchemka. Ila siku uliponinyang'anya funguo, nilikwenda nikang'oa kizibo cha bomba la moshi, mawimbi yaingie ndani. Nikasema, tuone atasafiri nayo wapi."

Hapa ndipo mimi mwili hunisisimka. Dhambi yake na dawa ya injini vilitoka kwa pumzi moja! Angelinda heshima yake, akadanganya kwamba ilichemka, fundi angeagiza pistoni, na wiki mbili zingeishia njiani. Uhai wa yule binti ulikuwa umefichwa ndani ya aibu ya mtu mmoja. Nani angejua kuutafuta huko?

Kaka mtu alikunja ngumi. Kisha akaikunjua, akasema, "Na mimi ndiye niliyeifunga kwenye nguzo. Twende ukamwambie fundi."

Fundi aliposikia, alicheka kwa raha. "Kutu tu? Kutu inatoka, wazee wangu!"

Akamimina mafuta ya taa na oili kwenye silinda, akangoja siku nne. Siku ya tano wale ndugu wakalishika lile bomba la chuma pamoja: nyuma kidogo, mbele kidogo, nyuma kidogo. Ikasogea upana wa unywele. Wapendwa, chuma kilichokufa miaka miwili kilisogea! Fundi akafungua hedi, kile kifuniko cha silinda, akasugua kutu, akabadili ringi za pistoni na gasketi, akarudisha kila boliti mahali pake. Siku ya kumi na moja injini ikanguruma. Mdogo mtu akashika usukani, binti akalazwa juu ya godoro, baba yake akimshika mkono. Na huko ng'ambo mtoto akalia.

Haya, tuje kwetu sisi. Tunafunga, tunakesha, "Bwana, fungua ndoa yangu, fungua nyumba yangu, moyo wangu umekwama." Naye kweli anakuja, Mungu mkubwa namna ile, anachuchumaa karibu yetu, anauliza, "Ulikuwa na nani hapa mara ya mwisho?" Tunamjibu nini? "Huyo muache, Bwana. Wewe fungua." Na siku zinakwisha. Ewe uliyeshika funguo, ewe uliyeng'oa kizibo, na wengi wetu tumefanya yote mawili: unaogopa nini? Ni kutu tu.

Nilikuwa na mambo mawili zaidi ya kusema, nayaacha. Sadaka itasubiri, kwaya itasubiri. Mwenye mtu wa kumpigia simu, atoke nje sasa hivi akampigie. Hatutageuka kumwangalia.