Fisi Anayasubiri Mapaja ya Mbuzi

Mvua ya mwaka huo ilikuwa kichaa. Ilinyesha siku tatu bila hata kukohoa.

Sungura wala hakuwa na presha. Chumba chake cha chini alikisiriba kwa udongo wa kichuguu, na humo kaweka magunia matatu ya karanga. Zikiloa zinaoza, zikioza watoto wanalala njaa mpaka mavuno.

Siku ya nne kashuka chini, maji haya hapa kiunoni! Magunia mawili yameshalowa, limebaki moja juu ya kichanja. Akapapasa kuta: hazivuji. Maji yanaingia mlangoni.

"Haya yametumwa," akasema.

Akayafuata mpaka kwa jirani yake wa juu, Fisi. Yule mvivu aliona mtoni ni mbali, akawa amechimba mfereji kutoka mlangoni kwake mpaka mlangoni kwa Sungura.

"Oya jirani, mbona umeloa?" Fisi akacheka.

Kupigana haiwezekani, Fisi ana meno. Sungura akaokota mfupa kwenye tope, akaunyonya kwa kelele.

"Asante sana, kaka."

"Asante ya nini?"

"Simba kachinja mbuzi kumi kule kileleni, mvua imezoa nyama yote. Mapaja yanaingia kwangu yenyewe, nimechoka kuyapanga!"

"Tangu lini wewe unakula nyama?"

"Tangu saa mbili asubuhi."

Fisi udenda ukamdondoka. "Mfereji nimechimba mimi! Nyama yangu hiyo!"

"Usiwe hivyo bwana, niachie hata maini."

"Maini ndiyo kabisa, sahau!"

Akaurukia mfereji, akauziba, akaushindilia kwa makalio. Kisha akachimba mwingine, akageuza maji yote ya kilima yaingie kwake. Akashuka chumba chake cha chini, akakaa katikati, mdomo wazi.

Chura akaingia. Fisi akamtema. Likaingia tope. Akalimeza, labda lina mchuzi. Halafu ukuta wote ukadondoka, Fisi akarushwa nje na sufuria kichwani.

"Sungura! Nyama iko wapi?"

"Iko njiani, kaka! Panua mdomo!"

Sungura akarudi kwake, akakomba maji, akalikuta gunia la kichanjani kavu kabisa. Watoto wakala.

Fisi sasa hana chumba cha chini, ana bwawa, na vyura wanamfukuza akitaka kulala. Na wewe unayesikiliza, maji ya mlangoni kwako yachimbie njia ya kwenda mtoni, siyo ya kwenda kwa jirani.