Jina la Mize Ubaoni

Basi Mize, binti mpika maandazi, alikopa unga na mafuta kwa Mzee Sharifu mpaka deni likafika elfu thelathini, kisha akawa anapita njia ya nyuma. Sharifu akamwandika kwenye ubao wa wadaiwa sugu, mlangoni pa duka lake. Mtaa mzima ukamnyima unga.

Mize akamwendea. "Babu, deni ni langu, na kukukimbia nimekosa. Nitaleta elfu moja kila asubuhi."

"Na jina litakaa hapo hapo mpaka mwisho. Uaibike kidogo."

"Likae, babu. Ila kila siku andika nilicholeta na kilichobaki."

"Hilo tu? Nitakuandikia kwa chaki nyekundu."

Mize akafua nguo za watu, akaleta elfu yake kila asubuhi, saa ya foleni ya mkate. Sharifu akaandika huku akicheka. Siku ya thelathini akashika kitambaa afute.

"Usifute, babu. Andika amemaliza."

"Haya. Sasa unga nikukopeshe, mjukuu wangu?"

"Nimeshakopeshwa magunia mawili dukani kwa Bi Tunu, hapo ng'ambo ya barabara. Aliniuliza mdhamini wangu nani, nikamwonyesha ubao wako."