Kisanduku Kilichoitwa Baba

Asiyeitika hajafa, hajaitwa jina lake.

Mmemsikia fundi redio akimtupia neno hilo mteja aliyetaka kuitupa redio yake jalalani, mkacheka, kisha mkaniuliza limetoka wapi. Kaeni basi. Wengine watawaambia ni maneno ya wahenga wa kale. Wahenga wa neno hili baadhi yao wangali hai, na leo asubuhi huenda wamechuma chai. Methali hii ilianza hivi.

Upande wa Rungwe, ambako mvua ni mwenyeji na jua ni mgeni, palikuwa na kijiji kiitwacho Isumba. Katika ofisi ya ushirika wa wakulima wa chai alikuwapo karani, mwanamke aitwaye Tusekile, mke wa mtoto wa Mzee Ambilikile. Shikeni hapo kwanza, maana hadithi yote imefungwa kwenye fundo hilo.

Kwa desturi ya Wanyakyusa wa zamani, na kwa watu wa Isumba mpaka wakati huo, mke wa mtu hamtaji baba mkwe wake kwa jina. Akimwona anakuja njiani, anapisha, anaingia migombani mpaka mzee apite. Na jina la mzee likifanana na neno la kila siku, hata neno hilo mkwe analikwepa. Sasa Ambilikile, kwa lugha ya kwao, maana yake ni "ameniita". Kwa hiyo tangu aolewe Tusekile hakutamka neno la kuita kwa Kinyakyusa. Kuku wakipotea, aliwapigia midomo. Mtoto akitakiwa nyumbani, alituma mwenzake: "Kamwambie aje." Wanawake wenzake walimtania kisimani, "Wewe nyumba yako ikiungua utatupigia midomo?" Lakini walimheshimu.

Mzee Ambilikile mwenyewe hakuwa mtu wa kukaa. Alizunguka milima na mabonde, kinasa sauti kimening'inia shingoni kama kengele ya ng'ombe, akiwahoji wazee wenzake: nani alifyeka msitu gani, nani kazikwa wapi, maji haya yanaitwaje. Kila alipoanza alikigonga kinasa sauti kwa kidole, akasema, "Eee. Nipo hapa." Kisha akamgeukia mwenzake, "Na wewe upo?" Ndipo mazungumzo yalipoanza.

Alipofariki, ushirika ulizikusanya sauti zile zote na kuzitia ndani ya kisanduku cheusi, ukubwa wake kama nusu mkate. Kisanduku hakikuwa na kioo wala kitufe cha kuchezea. Waya mmoja ulikipa umeme. Waya wa pili uliingia kwenye ruta, kile kidude chenye taa kinachogawa mtandao humo ofisini, na kompyuta ya Tusekile nayo ilikuwa na waya wake humo humo. Kompyuta ikitaka sauti, inapita kwenye ruta, inabisha hodi kwa kisanduku.

Aliyekifunga ni fundi Lusajo kutoka Mbeya. Kila kitu kwenye mtandao hupewa jina, naye kwa kumuenzi marehemu akakipa kisanduku jina la mzee. Tusekile aliposikia alishika mdomo.

"Kaka Lusajo, umeniua. Kila asubuhi niliandike jina la mkwe wangu ndipo nifanye kazi?"

Lusajo alicheka, akamwekea alama kwenye kioo cha kompyuta, njia ya mkato, akaiandika "Baba". Basi ikawa hivyo. Tusekile akiibonyeza Baba, sauti zinafunguka. Wanakijiji wakazoea. Mtu akipita anachungulia dirishani, "Karani, Baba yupo?" Naye anajibu, "Yupo, ila leo anakokota miguu, umeme mdogo."

Ikaja kampuni ya kufungasha maji. Ilitaka chemchemi ya Kilasi iliyo juu ya kijiji, na kwenye maombi yake ilieleza kwamba pale ni pori, hapajawahi kuwa na mwenyewe. Aliyejua mipaka ya Kilasi mti kwa mti alikuwa Mzee Kasyupa, naye alikwisha kulala kaburini. Lakini sauti yake ilikuwa ndani ya kisanduku, maana Ambilikile alimhoji palepale chemchemini. Baraza la ardhi likakubali kuja kuisikiliza ofisini. Sauti isipopatikana, Kilasi inazungushiwa uzio.

Mwenyekiti wa ushirika, bwana Mwasomola, alikuwa upande wa uzio. Kofia ya kampuni alianza kuivaa mapema, akisema ni ya mvua. "Maendeleo hayawasubiri marehemu," ndio wimbo wake.

Siku ya baraza, asubuhi, Tusekile aliibonyeza Baba. Kompyuta ikafikiri, ikafikiri, ikaandika kwamba kitu hicho haikioni. Akabonyeza tena. Haikioni. Akaizima, akaiwasha, akasubiri huku amekunja vidole. Haikioni.

Hakukaa kulia. Alianza na umeme: upo. Alitazama waya wa kisanduku, akaona umetafunwa na panya karibu na kichwa chake. "Ndiwe uliyeniponza," akaunong'oneza, akauchomoa na kuchomeka mwingine aliouvua kwenye printa. Bado. Akauhamisha kwenye tundu jingine la ruta. Hapo taa ndogo ya kijani mgongoni mwa kisanduku ikaanza kupepesa, pepe, pepe, kama jicho la mtu aliyeamka. Akakimbilia kompyuta akiwa na furaha yake mkononi. Akabonyeza Baba. Haikioni.

Mwasomola aliingia wakati huo, nyuma yake mzee wa baraza na bwana mmoja wa kampuni aliyekanyaga sakafu kwa uangalifu kama anayeogopa kuichafua. Bibi Subilaga, mjane wa Ambilikile, alikuwa ameshaketi pembeni na mwavuli wake. Nje, chini ya upenu wa ghala la chai, wazee wa Isumba walisubiri.

"Vipi, binti?" akauliza Mwasomola.

"Hakijaitika bado."

Mwasomola alikiinamia kisanduku, akakigonga kwa ukucha. "Kimekufa hiki. Mzee wa baraza, andika. Mzee wetu amekufa mara ya pili, tumuombee."

"Hakijafa," Tusekile akasema. "Taa inapepesa."

"Hata mkia wa mjusi unapepesa ukishakatika."

Bwana wa kampuni alicheka kidogo, akajifanya anakohoa. Mwasomola akanyoosha mkono auchomoe waya wa umeme. Tusekile akasimama kati ya mkono na waya.

"Mwenyekiti, ukiugusa waya huu utanichomoa na mimi."

"Unanipandishia sauti?"

"Bado sijaipandisha. Ukiugusa ndio utaisikia."

Mzee wa baraza akasafisha koo. Alisema baraza litampa karani nafasi mpaka chai ya wageni iishe kunywewa, na baada ya hapo litaamua kwa lililopo mezani. Mwasomola akamimina chai upesi upesi, vikombe visijae.

Tusekile akampigia Lusajo. Lusajo alikuwa juu ya paa la mtu kule Mbeya akifunga dishi, upepo unavuma kwenye simu. Karani akaiweka simu mezani wote wasikie. Akaeleza: umeme upo, waya mpya, taa inapepesa.

"Kuna kitu kimebadilishwa humo ofisini?" akauliza Lusajo.

"Hakuna. Ila jana watu wa intaneti walileta ruta mpya."

"Dada Tusekile! Na unasema hakuna!" Upepo ukavuma, fundi akacheka. "Sikiliza. Ruta mpya ni kama mwenyekiti mpya wa mtaa, imewapa wote namba mpya za nyumba. Ile alama yako ya Baba inakwenda kwenye namba ya zamani. Inabisha hodi nyumba tupu. Kisanduku ni kizima, kimehama tu."

"Nikitafute wapi?"

"Usitafute. Kiite. Namba imebadilika, jina halijabadilika. Pale juu kwenye kioo andika mikwaju miwili, ile mistari ya kulalia nyuma, kisha jina lake."

Tusekile akaviondoa vidole kwenye kompyuta.

"Jina lake, dada. La mzee."

Mwasomola akaweka kikombe chini taratibu, uso umemchangamka kama mtu aliyeona mpira unakuja mguuni.

"Ahaa," akasema. "Mkwe amtaje mkwewe! Mbele ya baraza, mbele ya mjane wake! Niliwaambia mapema, kuna vitu Mungu huvifunga mwenyewe."

"Basi uandike wewe, mwenyekiti," akasema Tusekile.

"Mimi? Miwani nimeiacha nyumbani."

Tusekile akamtazama mzee wa baraza. Yule akatikisa kichwa kwa huruma: baraza haligusi ushahidi. Mumewe alikuwa Kyela kwenye mpunga. Wazee walioko nje vidole vyao vilijua chai na jembe, herufi hapana.

Ndipo Bibi Subilaga akaugonga mwavuli sakafuni. "Andika, mwanangu. Tulikatazwa ulimi. Kidole hakina ulimi."

Tusekile akaketi. Akaandika mikwaju miwili. Akaanza jina, herufi moja moja, jasho likimtoka juu ya mdomo, akafika katikati akafumba macho, akamaliza, akabonyeza.

Haikioni.

"Chai imeisha," akatangaza Mwasomola.

"Dada," ikasema simu, "jina likikosewa hata herufi moja halitaitika. Nisomee ulichoandika."

"Nimeandika vilevile."

"Sikioni kioo chako, mimi niko juu ya paa la watu. Nisomee. Kwa sauti."

Tusekile alimgeukia mama mkwe wake. Safari hii Bibi Subilaga alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe. Naye mwenyekiti aliupeleka mkono tena kwenye waya wa umeme, polepole, kama anayezima taa ya chumba cha mgonjwa.

Tusekile akasimama. Aliwaza chemchemi ya Kilasi na ndoo za asubuhi, na taa ile ya kijani inayopepesa bila kuchoka, pepe, pepe, ikimsubiri mtu mwenye haya. Niliambiwa nisimtaje ili nimheshimu, akawaza. Leo nikinyamaza, ninamzika.

"Toa mkono, Mwasomola," akasema. Hakumwita mwenyekiti.

Akavuta pumzi, akalitoa jina lile kama mtu amwitavyo mwenzake aliye ng'ambo ya bonde:

"Ambilikile!"

Likatoka dirishani, likapiga bati la ghala, likarudi. Wazee nje wakaacha maongezi. Mwavuli wa Bibi Subilaga ukaanguka.

Na kwa kulisikia kinywani mwake kwa mara ya kwanza, ndipo Tusekile alipoliona kosa. Kwenye kioo alikuwa ameandika "Ambilile". Pale alipofumba macho ndipo alipoliruka "ki". Alikuwa amemwita mtu asiyekuwapo.

Akalitia. Akabonyeza.

Kioo kikajaa mafaili, majina ya wazee chini kwa chini. Akamfungua Kasyupa. Spika zikakwaruza, kidole kikagonga kinasa sauti, halafu sauti ile waliyoizika siku ya mvua kubwa ikasema:

"Eee. Nipo hapa."

Kutoka nje mzee mmoja akajibu kwa Kinyakyusa kabla hajajijua, "Ndaga, tata," yaani asante, baba.

"Na wewe upo?" ikauliza sauti.

"Nipo," akajibu Kasyupa, maji yakichuruzika nyuma yake. Akaanza kuitaja Kilasi mti kwa mti: mti wa mvumu alioupanda babu yake, jiwe la kunolea mapanga, kaburi la pacha waliozaliwa mwaka wa njaa. Mzee wa baraza aliandika mpaka kalamu ikamwishia wino, akaazima ya bwana wa kampuni, naye akampa. Jioni ile baraza lilitamka kwamba Kilasi ina wenyewe. Uzio ulirudi kwenye lori ulikotoka.

Mwasomola alipokuwa anatafuta kofia yake alinung'unika, "Bahati tu. Mimi niliona kimekufa."

Bibi Subilaga alikuwa anaokota mwavuli. Akamnyooshea ncha yake. "Asiyeitika hajafa, Mwasomola. Hajaitwa jina lake."

Wazee walikuwa mlangoni, wakalidaka neno hilo, wakaondoka nalo. Kwanza lilipita kwenye chai, kisha likapanda malori ya ndizi, na leo limefika hapa kwa fundi redio.

Mnauliza mila je? Haikunyamaza. Akina mama wakubwa walimjia Tusekile wakamwambia, umemtaja mkweo, leta kuku wa kuomba radhi.

"Kuku nitaleta," akasema. "Jina sitalirudisha."

Kesho yake akamtoa jogoo wake, akamweka chini, akaenda mbele yake njia nzima hadi kwa mama mkwe, akimwita kwa neno lile lile la Kinyakyusa alilolikwepa tangu aolewe. Jogoo alimfuata. Akina mama walimtazama akipita, mmoja akafungua mdomo amkanye, akaishia kucheka. Bibi Subilaga alimpokea mlangoni, akampokea na jogoo.

Kwa hiyo yule mteja na aichukue redio yake, arudi nayo nyumbani, azungushe kitufe chake polepole mpaka aipate stesheni. Asiyeitika hajafa, hajaitwa jina lake.